Kwa Beatha, Uliyeipita Meza ya Maji

Jumapili, tarehe 15 Machi 2026. Asubuhi ya leo ukungu umelala huku mlimani Mbaga tangu alfajiri, mzito, hata kengele ya kanisa ikasikika lakini kanisa lenyewe halikuonekana. Matone yalikuwa yakidondoka kwenye migomba ingawa mvua haikunyesha. Waliopiga simu kutoka Same, mjini chini ya mlima, walisema kwao jua lilikuwa limeshawaka.

Mke wangu Beatha, mwaka umezunguka na kurudi palepale ulipotuachia. Tarehe kama ya leo ulishuka mlima ukiimba. Tulipokupandisha tena ulikuwa umefunikwa.

Ulipokuwa ukinikagulia kazi za madarasa ya jioni uliniambia, "Baba Aneth, sentensi moja, jambo moja. Usipakie mizigo yote kwenye punda mmoja." Nimejaribu kukutii hapa. Yapo mambo ambayo sentensi moja haikuyaweza, hayo nimeyaacha yawe marefu.

Kwa wasiokufahamu: ulikuwa mke wa Ebenezer, mama wa Aneth na Joel, na mtoto pekee wa kike wa Mama Honorata. Ulilima tangawizi. Mikono yako ilinukia tangawizi hata ulipovaa nguo za kanisani. Kwenye kwaya uliimba sauti ya pili, na nyumbani ulitulazimisha sisi wote tuimbe ya kwanza ili wewe usikose kazi.

Nje ya ua wetu wa masale, pembeni ya njia, uliweka mtungi na kata juu yake. Watu wanaopanda kutoka gulioni hunywa pale. Kwetu maji hayatolewi ovyo. Tumekulia kwenye ndiva, bwawa la kijiji ambalo maji yake tunagawana kwa zamu, na mtoto huijua zamu ya jirani kabla hajajua kuhesabu. Kuiba zamu ya mtu ni aibu kuliko kuiba kuku wake. Lakini mtungi wako haukuwa na zamu. "Huu ni wa aliyechoka," ulisema, na mtu akianza kukushukuru ulimwambia ajifute kidevu aende zake.

Masika ya mwaka juzi barabara yetu ilikatika. Siku hiyohiyo rafiki yako Devotha alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, na zahanati yetu haina chumba cha kujifungulia. Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Baragumu lilikuwa limepigwa na wanaume tumetoka kwa pamoja kufukua kifusi. Tuliyaacha majembe kwenye tope tukashika machela, tukashuka naye kwa miguu huku mvua ikitupiga. Ulitembea upande wa kichwa chake, umekishika kisigonge miti ya machela. Tuliona midomo yako ikicheza. Tulidhani unaomba kama sisi wote tulivyokuwa tukiomba.

Devotha alijifungua Same, mtoto wa kiume. Wakamwita Sifael.

Miezi ilipopita muuguzi akamwambia Devotha afanye mazoezi kwa sababu ya presha. Akaja kwako analalamika kwamba ataonekana kichaa akikimbia peke yake. Ukamwambia, "Basi aibu hiyo tugawane." Ndivyo ilivyoanza. Asubuhi mlikuwa uwanja wa shule ya msingi, wewe na yeye, na spika ndogo ya jirani yetu Salha anayeuza vocha. Mliweka nyimbo za kwaya, zile za haraka. Ubeti mnanyoosha mikono, pambio mnachuchumaa. Wanawake wengine waliokuja kuwacheka walibaki wakachuchumaa na wao.

Mzee Fredrick, mzee wa kanisa, alikuja na fimbo yake kuona kulikoni.

"Shikamoo mzee," mkasema wote, mnahema.

"Marahaba. Huo wimbo si wa Pasaka?"

"Ni wa Pasaka, mzee," ukajibu.

"Na nyinyi mnauchuchumalia?"

"Mzee, Bwana amefufuka. Sisi tukae tu?"

Aliondoka na fimbo yake. Wiki iliyofuata mke wake alifika uwanjani amevaa raba za mjukuu.

Kisha likasomwa tangazo kanisani: mbio za hisani mjini Same, kuchangia chumba cha kujifungulia kwenye zahanati yetu. Mama yako alipopewa habari aliuweka chini ungo wake wa maharage.

"Mtu mzima akimbie, na hafukuzwi na kitu?"

"Nafukuzwa na wewe, mama," ukasema.

"Toka hapa!" Lakini alikuwa anacheka. Sikuwaona tena mkicheka pamoja.

Siku ya mbio ulitupashia makande, ukatupakulia mmoja mmoja. Ulikuwa umenawa, umejipaka mafuta, uso unang'aa. Nikakuuliza mbona wewe huli. "Nitakula na Devotha," ukasema. Baadaye mume wa Devotha aliniambia kwamba naye nyumbani kwake alisema hivyohivyo: nitakula na Beatha.

Sisi tumezaliwa kwenye ubaridi. Mazoezi yenu yote mliyafanya ndani ya ukungu, na Same jua halina ukungu. Mbio zilipangwa kuanza mapema kabla halijakaza, lakini mgeni rasmi alichelewa, tukaambiwa yuko njiani. Mshereheshaji akasema watu wasipoe. Akafungulia muziki, akaomba mtu apande jukwaani aongoze mazoezi. Devotha akakusukuma, ukapanda.

Uwanja mzima ulikufuata. Watu wa mjini, wanafunzi, askari, hata wauza maji. Nilikuwa kivulini na watoto, na Joel alimwambia kila aliyekuwa karibu, "Yule ni mama yangu." Wimbo ukiisha, mshereheshaji anasema, "Mgeni wetu anakaribia, mmoja tena!" Ukaja mmoja tena, na mwingine, na mwingine. Jua likapanda. Nguo yako ililowa jasho, kisha ikakauka ingali mwilini. Tulikupigia makofi, Beatha. Hatukujua tunachokipigia.

Mgeni rasmi akafika, hotuba ikasomwa, mbio zikaanza.

Kwenye meza ya maji, watu wengi walimwona Devotha amesimama akanywa kikombe kizima. Walikuona wewe ukiondoka mezani hujanywa. Ndicho walichokiona kwa mbali, na ndicho walichokuja kutusimulia.

Uliangukia karibu na geti la uwanja, mahali ambapo muziki wa mwisho wa mbio ulikuwa unasikika. Nilipofika Devotha alikuwa ameketi chini amekupakata, anapiga kelele wakuletee maji. Yaliletwa. Hukuweza kumeza tena.

Hospitalini daktari alitueleza kwa upole kwamba joto lilikuzidi na mwili ulikuwa umekauka. "Hakuwa amekunywa kitu tangu asubuhi?" akauliza. Nikamwambia sijui. Devotha alikuwa nyuma yangu. Aligeukia ukutani.

Siku ya mazishi, kabla udongo haujashuka, mama yako alimnyooshea kidole rafiki yako mbele ya watu wote.

"Ulikunywa zamu ya mwanangu. Mguu wako usikanyage hapa tena."

Hakuna neno zito kuliko hilo kwa mtu aliyekulia kwenye ndiva. Na kwetu, neno la mzazi lililosemwa kaburini hulifuta mwenyewe, hapohapo kaburini, au halifutwi. Mchungaji alikwenda kwake, wazee walikwenda. Aliwakaribisha, akawapa chai, akasema, "Nililisema mimi, na nitakufa nalo."

Mwaka huu umekuwa mrefu. Mtungi wako nimeujaza kila asubuhi baada ya sala. Watu wanakunywa na kukutaja. Devotha akitoka gulioni hakupita hapa. Alifuata njia ya chini, ile ya utelezi, mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Tukikutana kanisani nilimsalimia, naye aliitikia huku ameinama. Salha hajaziweka tena nyimbo zile. Uwanja wa shule, pale mlipokuwa mkikanyaga, umeota majani.

Joel ameacha kuuliza utarudi lini. Nilifikiri siku atakayoacha itakuwa afadhali kwangu, kumbe haikuwa.

Nimemwomba Mungu kwa maneno, na maneno yalipoisha nimekaa tu mbele zake. Sijaacha kukaa.

Mbio zinarudi mwaka huu baada ya Pasaka. Chumba kimeezekwa, bado vitanda. Mwezi uliopita Aneth alisema anataka kukimbia kwa jina lako. Bibi yake akakataa palepale.

"Nimeshatoa mmoja. Sina mwingine wa kutoa."

"Bibi, mama hakukimbia ili watu waogope kukimbia."

"Mama yako aliachwa njiani na rafiki yake. Wewe utaachwa na nani?"

Unamjua binti yako, ni wewe mtupu. Alitoka hapo akaenda moja kwa moja kwa Devotha, akamkuta anatwanga, akamtazama machoni, akamuuliza, "Mama Sifael, kwa nini ulikunywa na mama hakunywa?"

Devotha aliuweka chini mchi. "Nilikatazwa kaburini," akamjibu. "Nitajibu kaburini. Kwingine sitajibu."

Ndiyo maana leo, tulipotoka ibadani na kukusanyika na Mchungaji kwenye kaburi lako ndani ya ua wetu, ukungu ulipofunguka kidogo tulimwona Devotha amesimama nje ya ua, kando ya mtungi wako, Sifael mgongoni. Hakuugusa mtungi. Mama yako alimwona mwishoni, kwa kuwa macho yake si yale ya zamani.

"Nani kamwita huyu?"

"Mimi, Bibi," Aneth akasema.

"Mwambie aseme hukohuko. Asivuke."

Devotha alisema hukohuko. Ninayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia, ili atakayesimulia asiongeze.

"Shikamoo mama. Kunywa nilikunywa, sikatai. Siku ile ya machela nilikuwa nimeshakata tamaa. Nikamsikia Beatha sikioni kwangu, anasema, Bwana, wavushe hawa wawili, nami siku moja nitakukimbilia bila kutia kitu kinywani. Nikadhani ni maneno ya hofu tu. Tangazo la mbio liliposomwa kanisani, alinigeukia akanitazama. Nikajua siku yenyewe imefika. Nikamwambia, nadhiri hii ni kwa ajili yangu, tufunge wote. Akakubali, ila nisimwambie mtu, maana mfungo ukitangazwa unakuwa sifa. Nikamwahidi."

Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. Sifael alikuwa anacheza na kilemba chake.

"Pale mezani miguu yangu iliisha, mama. Akanishika mkono akasema, Mama Sifael, kunywa wewe, kuna mtu ananyonya kwako, nadhiri niliiweka mimi. Nikamwambia, kunywa na wewe, Mungu ataelewa. Akasema, mwisho ni pale tu, ni karibu. Kikombe kile alinishikia yeye mwenyewe mpaka nikakimaliza. Watu walikuwa mbali, waliona nakunywa. Hawakuuona mkono ulionishikia."

Mzee Fredrick alivua kofia yake ingawa alikuwa ameshaivua na kuivaa mara nyingi asubuhi hiyo.

"Na mwaka mzima umekaa na jambo hili?" mama yako akauliza.

"Nilikuwa nimemwahidi, mpaka mwanawe aliponiuliza."

"Nilikuita mwizi mbele ya watu, na ukanyamaza?"

"Ulikuwa unalia, mama. Mtu anayelia hajibiwi."

Mama yako alisimama pale amejishika kwenye msalaba wako. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Alisema ni karibu?"

"Alisema ni karibu."

"Ndivyo alivyokuwa. Tangu mdogo. Ukimtuma mbali, anakwambia ni karibu."

Beatha, sijui niseme nini juu ya nadhiri hiyo. Sifael yupo, mama yake yupo, wewe hupo. Kuna saa namshukuru Mungu kwa mtoto yule, na kuna saa siwezi kumtazama usoni. Mchungaji amenishika bega akaniambia kwamba Mungu hakudai kiu yako. Naamini hivyo. Lakini wewe uliitoa, na sisi ndio tuliobaki na kata mkononi. Nakuuliza hapa mbele ya wanaosoma, kwa kuwa nakupenda: mbona hukuniambia? Ungeninong'oneza tu, pale nilipokuuliza mbona huli. Mfungo ningeutunza. Ningesimama na maji kwenye geti lile, nikuvizie, nikusihi. Ndiva inayotegemea mfereji mmoja hukauka, wewe ndiye uliyenifundisha hilo shambani.

Baada ya maneno yale tulingoja mama yako aseme Devotha avuke. Hakusema. Alimshika Aneth mkono, akaondoka kaburini, akatoka yeye nje ya ua. Hatua zake unazijua, goti lile bado linamsumbua. Alipofika kwenye mtungi aliinua kata, akachota, akaishika kwa mikono miwili.

"Kunywa," akamwambia Devotha. "Zamu ile ilikuwa yako. Alikupa mwenyewe."

Devotha alikunywa. Alikunywa huku analia, na maji mengi yalimwagika kifuani. Sifael akanyoosha mkono kudai, akapewa naye, akanywa, yaliyobaki akayamwaga shingoni kwa mama yake. Joel akacheka kidogo, kisha akatutazama kuona kama inaruhusiwa.

Halafu mama yako akamrudisha Devotha ndani ya ua kwa mkono wake, hadi ulipolala. Pale aliposema neno lile mwaka jana, aliligeuza. "Nililolisema hapa nalichukua. Huyu hakuiba. Mguu wake ukanyage hapa na kwangu." Mchungaji akasema amina, sote tukasema amina.

Hatukuimba wimbo wa huzuni. Salha alikuwa ameleta spika yake kwenye mkoba, hakumwambia mtu. Akatazama kwangu, nikaitikia kwa kichwa. Ukapigwa ule wa Pasaka, ingawa tungali kwenye Kwaresima, na Mzee Fredrick hakusema kitu. Hakuna aliyechuchumaa. Tulisimama tukausikiliza hadi mwisho, na kwenye pambio nilikuona.

Aneth ameuliza tena, akiwa ameshika mkono wa Devotha, kama anaweza kukimbia naye baada ya Pasaka. Mimi baba yake nilisema jibu si langu peke yangu. Sote tukamgeukia bibi yake.

Beatha, huku mlimani jina lako halitapoa maadamu sisi tunapumua. Tunakuweka mbele za Mungu asubuhi na jioni: mimi mume wako Ebenezer, watoto wako Aneth na Joel, mama yako mzazi, Honorata, rafiki yako Devotha, na Sifael uliyemwombea kabla hajazaliwa, Mzee Fredrick na wanakwaya wenzako, jirani yako Salha na wanawake wote wa uwanjani. Wote hao walikuwepo leo. Na wote, pamoja na Mchungaji, ni mashahidi wa maneno aliyoyasema mama yako, ameweka kiganja juu ya msalaba wako, kwa sauti iliyofika hadi njiani:

"Mimi Honorata nasema mbele ya Mchungaji, mbele ya watoto hawa, na mwanangu akinisikia. Siku ya mbio nitashuka Same na mtungi huu. Nitakaa pale getini, alipoangukia. Aneth akipita atakunywa. Devotha akipita atakunywa. Mtoto wa mtu yeyote nisiyemjua akipita atakunywa. Na atakayeniambia amefunga, nitamshikia kata mdomoni nimwambie, kunywa mwanangu, kwa Mungu nitakujibia mimi."